Mwaka Niliojibu kwa Jina la Beatrice

Mwezi uliopita, katika duka la dawa huko Queensburgh, bibi mmoja wa Kihindi aliyevaa sweta ya kijani aliniita Beatrice. Nilikuwa nimemsindikiza mzee wa Kikongo kuchukua dawa zake za presha. Ndiyo kazi yangu siku hizi, kuwasemea hospitalini na kwenye maduka ya dawa watu ambao Kiingereza kimewakataa. Tulipomaliza nikamwambia msichana wa dirishani kwa Kiingereza, kama nisemavyo siku zote, "Asante sana dada, Mungu akuzidishie." Nyuma yangu kwenye foleni kitu kikaanguka chini. Sauti yangu ina mkwaruzo tangu utotoni, nikisema neno utadhani ndiyo kwanza nimeamka, na mtu akishaisikia haimtoki. Nikageuka. Uso wa yule bibi sikuujua hata kidogo. Lakini alipouliza mara ya pili, "Beatrice, ni wewe? Uko hai?" sauti yake niliijua. Ilikuwa sauti ya Sista Prema, nesi niliyezungumza naye kwenye simu zaidi ya nusu mwaka bila kumtia machoni. Na mie siitwi Beatrice. Naitwa Rehema. Beatrice tulimzika zaidi ya miaka ishirini iliyopita, siku ya upepo, na watu tuliokuwepo hatukufika kumi na watano.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa mjuaji. Nimesema hivyo kabla mtu mwingine hajanisemea. Nilikuwa nimetoka Tanga kuja Durban kuuza vifuniko vya simu dukani kwa mtu, na nilipanga kipande cha chumba kwenye ghorofa moja kuukuu karibu na bandari. Nasema kipande kwa sababu chumba kilikuwa kimoja, kimekatwa kwa pazia la kitambaa cha maua. Upande wa dirisha alikuwa Beatrice mwenyewe, sote tukimwita Mama Bea, na upande wa mlango nilikuwa mie. Jiko lilikuwa la umeme, la sahani mbili, moja imekufa. Mama Bea alikuwa mwanamke wa Bukavu, wa miaka hamsini hivi, msusi wa kando ya barabara, mwenye vidole virefu ambavyo hata akiwa amekaa bure vilikuwa vinasuka hewa. Kabla ya kufika Durban alikuwa amepita kwenye kambi mbili za wakimbizi. Habari za kambi hakuzisimulia, ila zilikuwa kwenye mikono yake. Kila tukitaka kupika wali alichota mchele, akaupima kwa kikombe, kisha akatoa konzi moja na kuirudisha kwenye kopo la maziwa ya unga alilolificha chini ya kitanda. Hata tukiwa na njaa ya kutukana mtu, ile konzi lazima itoke. Mie nilimcheka. "Mama Bea, hapa duka liko chini ya ngazi, lori la msaada la nini?" Naye hucheka, meno yote nje, "Mutoto wangu, siku lori haikuye, wewe utakula maneno yako?" Kisha ukaja mwezi nilioachishwa kazi, tukakaa siku kumi tunakula mchele wa lile kopo na sombe, kisamvu chao, aliyoitwanga mwenyewe, na mie, bila haya, nikamsifu. Nilimwambia ana akili kuliko wote tunaokaa katika lile ghorofa. Laiti ningeuma ulimi.

Ugonjwa wake ulikuwa saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Daktari wa hospitali ya serikali, kijana mwenye haraka lakini mwenye utu, alitueleza kwamba ipo dawa yake, kidonge kimoja kila siku, na mtu akikimeza bila kukosa anaweza kuishi miaka mingi tu. Ila hospitali haina, na bei yake dukani usiulize, hata mwenye ghorofa letu asingeimudu. Ndipo akafungua droo akatoa fomu. Kampuni inayotengeneza vile vidonge, alisema, ina mpango wa kuwapa bure wagonjwa wasioweza kununua. Fomu ilikuwa na kurasa tisa. Niliijaza mie, juu ya meza yenye kitambaa cha plastiki, Mama Bea akiwa amekaa mkabala nami huku akichambua maharage, nami nikimuuliza mambo ambayo mtu hapaswi kumuuliza mama wa watu: unapata kiasi gani, una nani wa kukusaidia, kibali chako cha ukimbizi kinaisha lini. Alijibu yote bila kuinua macho. Wiki tano baadaye barua ikaja. Niliruka, wallahi, nikamkumbatia na mikono yake ya mafuta ya nywele. Yeye alisimama tu.

"Rehema, inasema nini vizuri?"

"Wamekubali, Mama Bea! Bure kabisa. Miezi sita."

"Na kisha miezi sita?"

"Wataangalia tena."

"Bataangalia tena," akarudia polepole, akaikunja barua mara nne. "Ile minajua. Kule pia balikuwa banaangalia tena."

Niliona ni mtu asiyejua kufurahi. Nilipika pilau siku ile, nikaita majirani wawili, tukala mpaka tukashindwa kuinuka. Na hata siku ile, siku ya sherehe yake mwenyewe, konzi ya mchele ilirudi kwenye kopo.

Vidonge vililetwa na kijana wa pikipiki, boksi moja la vidonge thelathini kila mwezi, na kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, simu ililia. Barua ilikuwa imesema kwamba nesi atakuwa anaongea na mgonjwa mwenyewe. Hilo ndilo lililotutia hofu. Simu ya kwanza ilipolia Mama Bea alikuwa amekaa kitandani amevaa kitenge chake cha kanisani, kana kwamba anayepiga atamwona. Nikapokea nikiwa na nia njema kabisa ya kusema subiri, huyu hapa, ila hajui Kiingereza. "Naongea na Beatrice?" Sauti laini, ya mama. Nikamnyooshea Mama Bea simu. Akaisukuma kwa viganja vyote viwili, macho yamemtoka. Nikakumbuka kurasa tisa, nikaikumbuka ile barua. Nikasema, "Ndiyo, ni mimi." Basi. Ilinitoka kirahisi hivyo. Tangu hapo, kwa Sista Prema, mie ndiye niliyekuwa Beatrice.

Maswali yalikuwa yale yale kila mwezi. Unajisikiaje? Umevimba miguu? Umeruka kidonge siku yoyote? Na la mwisho: vimebaki vidonge vingapi? Mama Bea alikaa karibu yangu mkono wake juu ya goti langu, mie nikimnong'oneza, yeye akijibu kwa kunong'ona, na jibu lilikuwa moja, "Sema iko muzuri." Swali la vidonge hata sikumuuliza. Nilitazama kalenda ya duka la nyama iliyokuwa ukutani, nikatoa siku kwenye thelathini, nikasema vimebaki kumi, vimebaki tisa. Hesabu ya darasa la pili! Boksi lilikuwa kule nyuma ya pazia, hatua nne kutoka nilipokaa, na sikuwahi kulifungua hata mara moja. Naweza kusema nilikuwa namheshimu, mtu mzima huwezi kumhesabia dawa kama mtoto. Nimelisema hilo miaka mingi na halijanisaidia. Na Sista Prema alifurahi kweli. "Wewe Beatrice, sauti yako ina nguvu kila mwezi kuliko uliopita," aliniambia mwezi wa tatu. "Dawa inakupenda." Nilipomtafsiria Mama Bea, akapiga makofi kimya kimya. Sauti ilikuwa na nguvu kwa sababu ilikuwa ya msichana wa miaka ishirini na minne aliyekunywa chai na mandazi matatu.

Sasa hapa ndipo ninapoanza kuogopa kuandika. Asubuhi nikiwa bado nimelala nilikuwa nasikia kupitia pazia jinsi Mama Bea anavyoanza siku yake. Anasali kwa Kiswahili chao na Kifaransa, anamimina maji kwenye kikombe cha bati, kisha nasikia karatasi ya kidonge inapasuka, tik, kisha anameza. Hiyo ilikuwa mwezi wa kwanza. Kuanzia mwezi wa pili kulikuwa na asubuhi nyingine. Sala ile ile, halafu tik, lakini hakuna maji. Badala ya maji nasikia kitanda kinalia, mtu ameinama, na mfuniko wa kopo unafunguka na kufungwa. Leo maji, kesho kopo. Leo maji, kesho kopo. Mtu akiniuliza kama nilijua, nitajibu nini? Masikio yangu yalijua. Mie mwenyewe nilijigeuza ukutani nikavuta blanketi, maana nilikuwa na kazi mpya saluni na nilitaka dakika zangu kumi za usingizi. Mpaka leo mjukuu wangu akifungua kopo la biskuti asubuhi, naacha ninachokifanya.

Mwezi wa nne wa dawa ilitakiwa apimwe damu. Siku hiyo hiyo ilikuwa zamu yake ya kuhuisha kibali, na bila kibali mpango wa dawa usingemtambua. Hatukubishana. Tulikwenda kwenye ofisi ya vibali asubuhi mapema, tukakaa kwenye foleni, yeye juu ya ndoo iliyogeuzwa, amejifunga shuka kwenye jua kali, anatetemeka. Wanawake wa Kikongo waliokuwa mbele yetu walikuwa wanazungumza habari za mwenzao aliyekuwa anapata msaada wa chakula kanisani. Alilalamika kwamba unga una wadudu, mwezi uliofuata jina lake halikuwepo. "Mutu wa kulalamika banamufuta ku liste," mmoja akasema, na wengine wakaitikia eeh. Mama Bea akanitazama tu. Jumanne iliyofuata Sista Prema akauliza kama damu imepimwa. Mkono ukanibana goti. Nikasema ndiyo, daktari amesema vizuri. Hilo halikuwa jibu la Mama Bea. Yeye alinibana goti tu. Maneno yalikuwa yangu, na niliyatunga vizuri sana.

Ikaingia baridi. Mama Bea akaanza kulowa jasho, kila asubuhi tunaanika shuka lake dirishani. Kitenge cha kanisani kikawa kinamzunguka mara mbili, lakini tumbo upande wa kushoto lilikuwa gumu, likamzuia hata kukaa sawasawa kusuka. Nilimwambia, "Mama Bea, leo nikipigiwa nitasema ukweli. Nitasema unaumwa." Sijawahi kumwona amekasirika kabla ya siku ile. Alinishika kidevu kwa vile vidole virefu.

"Ukisema minagonjwa, batasema dawa haifanye kazi kwangu. Batamupa mwingine. Unataka kuniua, Rehema?"

"Sitaki, mama."

"Basi sema iko muzuri."

Nikasema iko muzuri. Sista Prema akauliza, "Una hakika, mpenzi? Leo unasikika umechoka." Nilikuwa nimelia, ndiyo maana. Ile ilikuwa nafasi yangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa, nesi mwenyewe ameufungua, kilichobaki kilikuwa kuingia. Nikamwambia ni mafua tu, nikaongeza yale maneno ambayo Mama Bea alinifundisha nimwambie kila mwisho wa simu, "Asante sana dada, Mungu akuzidishie." Akacheka, akasema, "Amina, Beatrice."

Mwezi wa saba barua ya pili ikafika. Walikuwa wameangalia tena, na wamekubali tena, miezi mingine sita. Lori lilikuja, jamani! Nilimsomea akiwa amelala, mara mbili, na safari hii alifurahi. Akataka chai yenye tangawizi. Akaniambia nimwinue, akainama kidogo kuelekea chini ya kitanda kama anayetafuta kiatu, kisha akaacha, akasema atafanya kesho. Kesho yake hakuweza kusimama. Watu wawili wa ghorofani walimbeba kwenye kiti mpaka chini, tukampeleka hospitali. Daktari, si yule kijana, mwingine, mama wa makamo, alisoma faili akaniuliza, "Alikuwa anameza dawa yake kila siku?" Alikuwa ananiuliza mie, Rehema, uso kwa uso, na hakuna mkono juu ya goti langu, Mama Bea yuko upande wa pili wa ukuta hata hasikii. Nikajibu kwa mazoea, "Ndiyo, kila siku." Akaandika. Nadhani aliandika kwamba dawa imeshindwa. Mama Bea akafariki siku ya nne, mchana, wakati nimekwenda kununua maji.

Niliporudi kukunja vitu vyake ndipo nikalivuta kopo. Juu kulikuwa na mchele. Nikauchota kwa mkono ili nimpelekee jirani, na chini ya mchele vidole vyangu vikagusa kitambaa. Ndani ya kitambaa kulikuwa na vidonge, kila kimoja kimekatwa kwa mkasi kwenye karatasi yake ya bati, vimepangwa kwa mafungu na kufungwa uzi wa kusukia nywele. Nilikaa sakafuni. Alikuwa amemeza nusu na kuweka nusu, kwa ajili ya ile siku watakapokata. Hakuwa mjinga. Kila msaada aliowahi kupewa maishani mwake ulikuwa umekatwa, isipokuwa huu mmoja. Na mtu mmoja tu angeweza kumweleza kwamba dawa si mchele, kwamba nusu haikai tumboni ikisubiri nusu nyingine, na mtu huyo alikuwa kazini kumuigiza. Siku mbili baada ya mazishi kijana wa pikipiki akaleta boksi jipya. Akanipa karatasi, nikatia sahihi jina la Beatrice, na vile thelathini nikavitia kwenye kopo pamoja na vingine. Jumanne ya kwanza, saa nne, simu ikalia juu ya meza yenye kitambaa cha plastiki. Kibali changu mwenyewe kilikuwa kimekwisha, niliogopa polisi, niliogopa jela, lakini zaidi niliogopa ile sauti laini iniulize unajisikiaje. Ikalia mpaka ikakata. Ikalia tena. Baadaye nikaitoa laini, nikaitupa kwenye mtaro.

Sasa Sista Prema alikuwa mbele yangu, amenishika mikono yote miwili kwenye duka la dawa, sweta ya kijani, macho yamejaa machozi. Alisema alinipigia wiki nne mfululizo. Alisema walipomwambia afunge faili aliandika "hakupatikana", hakutaka kuandika amekufa, na kwamba kila anapowasha taa yake ya sala nyumbani bado hulitaja jina la Beatrice. Kisha akaniambia jambo ambalo sijui nilifanyie nini. Ile ofisi, ambayo miaka yote nilidhani iko Johannesburg, ilikuwa pale pale mjini, roboti tatu, zile taa za njia panda, kutoka ghorofa letu. Angeweza kuja kwa miguu wakati wa chakula cha mchana. "Ungenialika ningekuja," akasema. "Nilikuwa na hamu ya kukuona." Mzee wangu wa Kikongo alikuwa amesimama pembeni na mfuko wake wa dawa, anatutazama bila kuelewa kitu.

Ingekuwa rahisi. Bibi wa watu ana furaha, mgonjwa wake aliyekuwa anamwombea amemwona kwa macho yake, mnene, mzima, ana mjukuu. Ulimi wangu ulikuwa umeshakaa mkao wa kusema ndiyo, ni mimi. Lakini miaka hii yote kazi yangu imekuwa na sheria moja ambayo nimejiwekea mwenyewe. Hata mgonjwa akinisihi, hata akilia, nasema alichosema yeye na si zaidi, na akisema hana maumivu huku anatetemeka, namwambia daktari, amesema hana maumivu na anatetemeka. Nikamvuta tukakaa kwenye viti vya kupimia presha. Nikamwambia, "Sista, mie si Beatrice. Mie ni Rehema, nilikuwa nakaa naye. Beatrice hakujua Kiingereza. Alikufa mwezi wa saba, na kila ulichouliza nilijibu mie."

Hakuachia mikono yangu, ila yake ililegea. Nilimweleza yote, foleni ya kibali, jasho, kopo, mchele, uzi wa nywele. Nilieleza kwa Kiingereza, lakini "iko muzuri" nililisema kama lilivyosemwa, na nadhani alilielewa. Nilingoja anitukane, maana ningekuwa yeye ningenitukana. Alitazama chini, kama mtu anayetafuta ukurasa, kisha akauliza, na sauti ilikuwa ile ile ya kwenye simu, ya kazini, ya saa nne asubuhi.

"Vilibaki vidonge vingapi?"

Kopo bado ninalo. Nimehama nalo mara sita, liko juu ya kabati, na mume wangu ameshajifunza kutoliuliza.

"Mia moja na kumi na moja," nikamwambia. "Nilivihesabu."